Uzi maalum: Korosho haiendi kichwani moja kwa moja, protini za kumbukumbu zinatengenezwa humo humo ubongoni

#1 Fundi Maabara, Mtwara mjini

Wakuu za jioni. Kila ikifika Oktoba huku kusini minada ya korosho inaanza na hapo hapo form four wanajiandaa na mtihani wa Novemba, basi ndo msimu wa zile nasaha za barazani: mpe mtoto korosho kwa wingi, korosho ni protini, kumbukumbu nayo ni protini, akila sana hasahau. Mimi nashinda kwenye maabara ya shule moja hapa mjini na hilo swali nishaulizwa na wazazi mpaka nikiwa juu ya bodaboda, sasa naliandika kwa urefu, atakayeuliza tena namtumia uzi.

Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kumbukumbu ya kudumu inahitaji protini, tena mpya kabisa. Uongo uko kwenye njia inayopita. Korosho gramu 100 ina protini kama gramu 18, chakula kizuri sibishi, ila ukishaimeza tumbo na utumbo vinaikatakata mpaka zinabaki amino asidi, vipande vidogo vidogo, hivyo ndo vinaingia kwenye damu. Damu haijui kipande hiki kimetoka kwenye korosho ya Tandahimba au dagaa wa Msimbati. Seli ya ubongo ikitaka protini inajiundia yenyewe, inasoma maelekezo kwenye jeni zake, inaunda ile inayoitaka, saa inayoitaka, tena mahali inapoitaka. Mtoto anayeshinda njaa muda mrefu ubongo wake unaumia, hilo halina mjadala, ila aliyeshiba hapati kumbukumbu ya ziada kwa kuongezewa bakuli.

Na kuna kitu wengi hawajui: jambo la kulikumbuka dakika kumi halihitaji protini mpya hata moja. Likitakiwa likae wiki, mwaka, mpaka uzeeni, hapo ndo linaanza kudai. Nakuja na mkasa wa samaki, ngoja nile kwanza.

#2 Mama Ming'oko

Nimewahi siti ya mbele na sahani yangu. Ila mdogo wangu usituharibie soko, magunia yangu bado yako ghalani 😂

#3 Mchuuzi wa Chikongola

Tupia nyama mkuu, mifupa tumeshaiona.

#4 Fundi Maabara, Mtwara mjini

Haya. Miaka ya 60 pale Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kulikuwa na jamaa anaitwa Bernard Agranoff. Yeye na wenzake walichukua samaki wa dhahabu, wale wa kwenye vioo vya mapambo, wakawaweka kwenye tangi lenye kizuizi kifupi katikati. Taa ikiwaka upande alioko samaki, asipovuka kwenda upande wa pili anapigwa shoti ya umeme. Samaki sio mjinga, akifundishwa kidogo tu anashika, taa ikiwaka huyo kashavuka, na ukimrudisha baada ya siku kadhaa bado anakumbuka.

Wakachukua wengine, somo lilipoisha tu wakawachoma sindano ya puromaisini kichwani. Hii ni antibiotiki inayozuia ribosomu, vile vidude ndani ya seli vinavyounganisha amino asidi kuwa protini. Siku tatu baadaye wanamuwashia taa, samaki anaitazama kama ndo anaiona mara ya kwanza duniani.

Sasa angalieni hapa. Wakimchoma kabla ya somo, anajifunza vizuri tu kama wenzake. Wakimchoma saa moja baada ya somo kuisha, dawa haimfanyi kitu, kumbukumbu imeshakaa. Maana yake kujifunza kwenyewe hakuhitaji protini mpya, ila baada ya kujifunza kuna kipindi kifupi ambacho lazima protini ziundwe, kikizuiwa hicho habari inapotea. Louis Flexner na wenzake walishaonyesha jambo la aina hiyo kwa panya mwaka 1963.

#5 Sibishani

Mleta mada, umemchoma samaki sumu kichwani halafu unashangaa kasahau? Hata mimi ukinipiga rungu la kisogo ntasahau. Huo sio ushahidi.

#6 Fundi Maabara, Mtwara mjini

Sibishani jina lako na kazi yako haviendani kaka. Rungu lingekusahaulisha ulipigwe kabla au ulipigwe baada. Hapa dawa ile ile, kichwa kile kile, ukichelewa saa moja haina madhara. Ingekuwa ni uharibifu wa ubongo basi samaki wa saa moja baadaye naye angesahau.

Ila una pointi kidogo. Puromaisini ina makando kando yake, ilikuwa inavuruga na umeme wa ubongo, kwa hiyo watafiti wakahamia dawa zingine zinazozuia protini kuundwa, kama anisomaisini, na picha kwa ujumla ikabaki ile ile, ya muda mfupi inasalimika, ya muda mrefu inakufa. Kwa wanyama wengi tu, mpaka konokono.

#7 Mwana Lindi

Konokono ana kumbukumbu?? Hebu fafanua mkuu, mimi ni mtu wa bahari.

#8 Fundi Maabara, Mtwara mjini

Basi hii yako kabisa. Kuna konokono wa baharini anaitwa Aplysia, hana ganda la nje, ukimkuta kwenye majani ya bahari maji yakitoka utadhani kipande cha nyama kimesahaulika, ukimsumbua anatoa wino wa zambarau. Jamii yake wako mpaka Bahari ya Hindi. Eric Kandel, mzaliwa wa Vienna mwaka 1929 aliyekimbilia Marekani akiwa mtoto, alimchagua huyu kwa sababu ana seli za neva kama 20,000 tu wakati binadamu tuna kama bilioni 86, na za konokono zingine ni kubwa kiasi kwamba unaziona bila darubini. Wenzake walimcheka, profesa mzima unahangaika na konokono. Mwaka 2000 akachukua Nobel pamoja na Arvid Carlsson na Paul Greengard.

Alichofanya Kandel ni hivi. Ukimgusa Aplysia kwenye kile kibomba chake cha maji anaivuta shavu lake ndani, yaani lile la kupumulia. Ukimpiga shoti mkiani mara moja anakuwa mwoga, ukimgusa tena anavuta kwa nguvu, lakini uoga huo unaisha baada ya dakika kadhaa. Ukimpiga shoti kadhaa kwa kuachanisha, anakuwa mwoga siku nyingi. Na ukimzuia asitengeneze protini, ule uoga wa dakika upo pale pale, wa siku nyingi haupatikani.

Ndani ya seli kinachotokea ni kwamba shoti moja inamwaga serotonini, kemikali ya kupeana ujumbe, vimeng'enya (protini za kuendesha kazi za seli) vilivyopo tayari vinawashwa, vinagusa protini zilizopo tayari, sinapsi inapata nguvu kwa muda. Sinapsi ni pale seli moja ya neva inapokutana na nyingine kupeana ujumbe. Hamna kipya kilichojengwa. Shoti zikirudiwa, kimeng'enya kinasafiri mpaka kwenye kiini cha seli kinaamsha protini inaitwa CREB, na CREB kazi yake ni kuwasha jeni. Jeni zikiwaka protini mpya zinatoka na seli inachipua sinapsi mpya. Walizihesabu kwa darubini, konokono aliyefunzwa kwa muda mrefu alikuwa na sinapsi za aina hiyo takriban mara mbili ya ambaye hajafunzwa. Yaani kukumbuka kumembadilisha umbo la ubongo, unaweza ukahesabu.

#9 Mwana Lindi

Dah. Nimekanyaga hao wadudu toka utoto sikujua wana Nobel.

#10 Mchuuzi wa Chikongola

Mkuu mimi swali langu la kijamii zaidi. Msimu wa mabibo huu, jamaa yangu (sio mimi) akipiga uraka, ile pombe ya mabibo, anaongea vizuri kabisa, anadai pesa zake, anafika nyumbani, asubuhi hakumbuki hata kimoja. Protini zimeyeyuka au?

#11 Fundi Maabara, Mtwara mjini

Msalimie huyo jamaa yako. Kwenye ubongo wetu kuna sehemu inaitwa hipokampasi, iko ndani usawa wa masikio kulia na kushoto, ndo inaandikisha matukio mapya. Kwenye sinapsi zake kuna protini inaitwa kipokezi cha NMDA, ni kama tundu dogo kwenye ukuta wa seli na ndani ya tundu kumekaa chembe ya magnesiamu imeziba. Ili tundu lifunguke vitu viwili lazima vitokee pamoja, seli ya jirani imwage glutamati, kemikali nyingine ya ujumbe, na yenyewe seli inayopokea iwe imeshachangamka kiumeme kiasi cha kuisukuma ile magnesiamu itoke. Likifunguka kalsiamu inaingia, na kalsiamu ndo inaanzisha kila kitu: inawasha kimeng'enya CaMKII, vipokezi vingine vya AMPA vinaongezwa pale kwenye sinapsi, ujumbe ukija kesho unapokelewa kwa nguvu zaidi. Tim Bliss na Terje Lømo ndo walitangaza mwaka 1973, kwa kazi ya sungura kule Oslo, kwamba sinapsi za hipokampasi zikichochewa kwa kasi zinabaki na nguvu kwa masaa mengi.

Sasa pombe inapunguza kazi ya hicho kipokezi cha NMDA. Jamaa yako anatembea, anaongea, anadai madeni, hayo yanatumia vitu alivyokwisha kuvijua, ila kalsiamu haiingii inavyotakiwa na uandikishaji unakwama. Hajasahau jana, jana haikuandikwa kabisa, ndo maana hata umkumbushe vipi haimrudii. Nipa, ile kali ya kuchemsha, ndo mbaya zaidi kwa sababu kilevi kinapanda haraka.

#12 Mama Ming'oko

Kwa hiyo deni la sahani tatu za ming'oko alizokula Jumamosi halijaandikwa. Mimi nimeliandika kwenye daftari, mwambie.

#13 Sibishani

Nimerudi. Nimekubali ya samaki na ya konokono. Ila hapa nakukamata. Protini mwilini hazidumu, zinavunjwa na kuundwa upya kila siku, hata wewe unafundisha hivyo. Bibi yangu anakumbuka harusi yake ya miaka zaidi ya hamsini iliyopita. Protini iliyoundwa siku ile ya harusi iko wapi leo?

#14 Fundi Maabara, Mtwara mjini

Hapo kaka umeuliza swali la Francis Crick, yule wa DNA. Aliliuliza hivyo hivyo mwaka 1984: molekyuli zinabadilishwa baada ya siku au wiki, kumbukumbu inakaa miaka, inakuwaje? Protini nyingi za kwenye sinapsi maisha yake ni siku chache mpaka wiki kadhaa, kwa hiyo ile ya siku ya harusi ilishaoza zamani.

Jibu alilopendekeza ni la urithi. Watu wa unyago mnanielewa haraka hapa: nyakanga, yule mkuu wa unyago, anazeeka anafariki, lakini kabla hajaondoka kashamkabidhi mambo yote aliyekaa pembeni yake, na huyo naye atamkabidhi mwingine, kwa hiyo nyakanga wa leo hakumuona yule wa kwanza ila miiko ni ile ile. Angalia CaMKII niliyoitaja juu. Ina vipande 12, duara mbili za sita sita. Kalsiamu ikiingia vinawashwa, na kipande kilichowashwa kinambandika jirani yake fosfeti, jirani naye anabaki amewaka hata kalsiamu ikishaondoka, kwa hiyo wazo ni kwamba kipande kipya kikija badala ya kilichooza kinawashwa na jirani, kama nyakanga anavyokabidhi. Mwaka 1992 Alcino Silva na wenzake walitengeneza panya wasio na aina moja ya CaMKII, wakawatia kwenye dimbwi la maji lenye kijukwaa kimefichwa chini ya maji, kipimo cha Richard Morris hicho, panya wa kawaida akirudiarudia anajua kijukwaa kilipo anaenda moja kwa moja, hawa walihangaika.

Ila msije mkadhani mambo yameisha hapo, maana kuna vita nyingine na hii mimi ndo naipenda kuliko zote. Todd Sacktor wa Brooklyn alishikilia kwamba protini inayotunza kumbukumbu ni PKMzeta. Mwaka 2006 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba ukimchoma panya kitu kinaitwa ZIP, cha kuizuia hiyo protini, kumbukumbu ya zamani iliyokwisha kukaa inafutika. Dunia ikashangilia. Mwaka 2013 maabara mbili tofauti zikatengeneza panya wasio na PKMzeta kabisa toka wanazaliwa, na panya wakakumbuka vizuri tu! Mbaya zaidi ZIP ikawafutia kumbukumbu hao hao ambao hawana hiyo protini, kwa hiyo ilikuwa inafuta nini? Wengi wakasema Sacktor kwisha habari yake.

Jamaa hakukimbia. Mwaka 2016 wakaja na jibu kwamba panya akizaliwa bila hiyo protini kuna ndugu yake mwingine wa ukoo wa PKC, ukoo wa vimeng'enya ambao PKMzeta nayo imo, anapanda kushika nafasi, na mwaka 2024 wakatoa nyingine, kuna protini inaitwa KIBRA inayokaa kwenye zile sinapsi zilizotumika na kuishikilia PKMzeta pale pale, ile ya zamani ikivunjwa mpya inajua pa kukaa. Ukitenganisha hizo mbili kumbukumbu inaondoka. Mimi naona wanaelekea pazuri, ila wapo wanaobisha mpaka leo na wana haki ya kubisha.

#15 Sibishani

Sawa. Leo umenipata. Kesho sijui.

#16 Binti wa Ruangwa

Samahanini wakubwa shikamooni. Babu yetu wa Nachingwea anatusimulia treni iliyokuwa inakuja Mtwara enzi zile za mradi wa karanga, anakumbuka mpaka sauti ya honi, ila ukimuuliza asubuhi amekunywa chai au bado hajui. Inakuwaje ya zamani ibaki ya leo ipotee? Na jamani kila mwaka treni inaongezeka mabehewa.

#17 Nesi Nachingwea

Marahaba mdogo wangu. Fundi akiruhusu nijibu mimi hii. Yupo mgonjwa maarufu sana, Henry Molaison, mwaka 1953 kule Marekani alitolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili ili kumtibu kifafa. Kifafa kilipungua ila hakuweza tena kuweka tukio jipya, mpaka alipofariki mwaka 2008. Ya utotoni mwake aliyakumbuka mengi. Kwa hiyo hipokampasi inahitajika sana kuandikisha, ila ya siku nyingi yanakuwa yameshaenea kwenye gamba la nje la ubongo.

Ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1906, unapiga maeneo hayo ya hipokampasi mapema. Na wenyewe pia ni mambo ya protini, amiloidi beta inarundikana nje ya seli na tau inajisokota ndani ya seli, sinapsi zinakufa. LAKINI usimwekee babu jina la ugonjwa kwa kusoma huku. Mpelekeni akapimwe, kuna kusahau kunatokana na upungufu wa vitamini B12, tezi la shingo kutofanya kazi vizuri, sonona, au dawa anazotumia, na hizo zinatibika.

#18 Fundi Maabara, Mtwara mjini

Asante dada Nesi. Niongezee la mabehewa tu. Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux walimfundisha panya kuogopa mlio fulani, wakamwacha mpaka kumbukumbu imekaa vizuri. Wakimchoma anisomaisini bila kumkumbusha, hamna kitu, bado anaogopa. Ila wakimsikilizisha mlio kwanza, akumbuke, halafu wamchome, kesho yake uoga umepungua sana. Maana yake kumbukumbu ikiitwa inalegea na inahitaji protini upya ili ikae tena. Na ikishalegea kitu kipya kinaweza kuingia humo. Babu anaihadithia hiyo treni kila sikukuu, wajukuu mnachangia "babu na ile ya mizigo je?", inarudi kukaa na behewa la mizigo. Hadanganyi mzee wa watu.

#19 Kidato cha Mwisho

Mwalimu mimi nina mtihani mwezi ujao, bailojia sijagusa topiki nne. Nikikesha siku tatu za mwisho si protini zitaundwa tu?

#20 Fundi Maabara, Mtwara mjini

Rudi kwa konokono mwanangu. Shoti zikibanwa pamoja hazifanyi kazi sawa na zikiachanishwa, seli inahitaji muda kati ya somo na somo ili ule ujumbe ufike kwenye kiini na CREB iamke. Hermann Ebbinghaus alishaliona hilo kwa binadamu mwaka 1885, akijifunza mwenyewe silabi zisizo na maana, kwamba marudio yaliyotawanywa siku tofauti yanashinda yaliyorundikwa siku moja. Soma topiki leo, irudie kesho kwa kujiuliza maswali bila kufungua daftari, iache, irudie baada ya siku tatu nne, afu wiki. Na ulale. Ukikesha unaunyima ubongo muda wa kuyatuliza uliyosoma mchana.

Kingine kinakusaidia wewe moja kwa moja: Uwe Frey na Richard Morris mwaka 1997 walionyesha kwamba sinapsi iliyochokozwa kidogo tu inajiwekea alama, na kama karibu na muda huo sinapsi nyingine ya seli hiyo hiyo imechochewa kwa nguvu mpaka protini mpya zikaundwa, ile dhaifu yenye alama nayo inadaka protini hizo na inadumu. Ndo maana wengine wanasema kitu cha kukushtua au kukuchangamsha karibu na muda wa somo kinalisaidia somo likae. Kwa hiyo ukitoka kusoma ukienda kucheza mpira uwanja wa Nangwanda sikulaumu sana.

#21 Kidato cha Mwisho

Hiyo ya mpira ntamuonyesha mama 🙏🏾

#22 Mchuuzi wa Chikongola

La mwisho mkuu. Kuna mtu kaniambia kuna protini ya kumbukumbu ambayo ni kirusi. Sasa si tutaambukizana akili?

#23 Fundi Maabara, Mtwara mjini

Hajakudanganya sana. Inaitwa Arc, inaundwa haraka seli ya ubongo ikichangamka, na panya asiye nayo hawezi kuweka kumbukumbu ya muda mrefu. Mwaka 2018 timu mbili za Marekani, mojawapo ya Jason Shepherd kule Utah, ziligundua kwamba Arc inajikusanya inatengeneza kigamba kama cha kirusi, inabeba RNA, yaani nakala ya maelekezo ya jeni, ndani yake na inaweza kuipeleka kwa seli ya jirani. Asili yake inaonekana ni kipande cha kale cha jamii moja na virusi kama HIV kilichojichomeka kwenye jeni za mababu wa wanyama mamilioni ya miaka iliyopita kikabaki kikafugwa. Kuambukiza mtu mwingine haiwezi, inaishia kwenye seli za ubongo wako mwenyewe.

Ya kuhamisha kumbukumbu mwili kwa mwili ilishajaribiwa. James McConnell miaka ya 60 alidai minyoo bapa waliokula wenzao waliosoma walijifunza haraka zaidi. Wengine walipojaribu kurudia, matokeo hayakutulia, wazo likazikwa. Kwa hiyo hata ukimla profesa utumbo wako utafanya kazi ile ile, amino asidi tu.